Kijani Kwenye Mkono wa Mto

Gumbo, Juba
14 Desemba 2024

Mwanangu Makuach,

Kabla hujaniuliza hali yangu: nakula, nalala, nagombana. Basi jua hakuna kilichoharibika. Wewe je? Kifua chako kimepatana na upepo wa Malindi? Kuna mtu anayekupikia, au bado unaishi kwa chai na mkate kama mwanafunzi? Santino anakusalimu sana. Mwanangu huyo bado yuko kwenye hoteli kule Amarat, anawabebea wakubwa sahani na kurudi kwa mkewe Atong akinuka kitunguu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu msimamo wangu juu ya simu unaujua. Tangu ile makala yangu ya gazetini mwaka juzi, kila nikipiga simu namsikia mtu wa tatu akipumua. Nikaiuza. Barua inakwenda polepole kwa mabasi ya mpakani Nimule, lakini haina masikio.

Sasa sikia. Tumeshinda!

Kipindupindu kilipoingia, Fulgensio, yule mwenye malori ya maji, alifanya nini? Akapandisha bei. Watu wanahara hadi wanakufa, yeye anapandisha bei ya maji anayoyavuta mtoni bure, yenye matope kama chai ya maziwa. Jumapili moja nikasimama kanisani baada ya matangazo, padre hajanipa ruhusa, nikasema mtu anayeuza kiu ni ndugu wa mtu anayeuza jeneza. Wanawake wakapiga vigelegele. Parokia ikatafuta pampu ya sola, tangi na mabomba. Mtaro tulichimba wenyewe, mimi na jembe langu mbele.

Mahali nilipachagua mimi. Mto mkubwa unakwenda mbio na ni kahawia, huoni hata kina cha kidole. Lakini nyuma ya kisiwa cha mchanga kuna khor, mkono wa mto uliotulia, matope yote yamezama chini, unasimama ndani na kuona kucha zako. Nikasema: hapa. Na maji hatunywi hivihivi. Nimepita nyumba kwa nyumba nikihubiri kuchemsha, na mwenye kunibishia nimebishana naye hadi akawasha jiko.

Sasa malori ya Fulgensio yamelala kama mamba walioshiba, ila hayajashiba.

Nina ombi. Wewe unalipwa kuangalia maji kutoka angani, kazi ambayo mpaka leo sijaielewa. Nipigie picha ya pampu yangu huko juu. Nataka kuibandika ukutani mwa ukumbi wa kanisa na kuandika chini yake: HATA MBINGU ZINAONA. Fulgensio apite aisome.

Ni mimi shangazi yako,
Achol


Malindi
11 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu hadi mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kama niko salama. Niko salama. Kifua hakisumbui. Chai na mkate ndiyo hivyo tena. Msalimie Santino, na Atong pia.

Umeuliza kazi yangu. Hapa mto Sabaki unaingia baharini, na umebeba kila kitu walichomwaga watu wa juu: mbolea ya mashamba, maji ya vyoo, damu ya machinjio. Ndani yake mna virutubisho, naitrojeni na fosforasi, chakula kilekile kinachonenepesha mahindi. Majini kinanenepesha mwani, vijani vidogo usivyoweza kuviona kimojakimoja. Vikizidi, samaki wanakufa. Setilaiti haioni mbolea, Shangazi. Inaona rangi tu. Sisi tunaisoma rangi na kukisia chakula kilichoileta. Siku inapopita juu yetu, wenzangu wanakuwa majini na chupa wakichota saa ileile, ili tulinganishe. Bila chupa, picha ni uvumi wenye rangi nzuri.

Kuna jambo tunaloliandika kwenye kila ripoti: kijani hakianzii penye matope. Matope yanazuia jua. Kijani huanzia pale matope yanapotulia na mwanga kupenya hadi chini. Nimeliandika mara nyingi bila kulifikiria. Niliposoma jinsi unavyoona kucha zako ndani ya khor, nililifikiria.

Nimepatazama mahali pako. Picha ya Oktoba ni safi. Ya mwanzo wa Januari ina utepe wa kijani ukingoni, nao ni mnene zaidi karibu na pampu.

Sitaki kukutisha. Huenda ni gugu maji tu, maana ukiwa juu majani na mwani vinafanana. Tafadhali nenda ukaangalie asubuhi, kabla upepo haujaanza. Ni majani yanayoelea, au ni kama rangi ya ukuta iliyomwagika? Yana harufu? Na juu ya pampu, kando ya khor, kuna nini?

Picha sijaituma. Nisubiri kidogo nipate uhakika.

Mwanao,
Makuach


Gumbo, Juba
2 Februari 2025

Makuach mwana wa kaka yangu,

Salamu. Mimi ni mzima wa afya na mgonjwa wa hasira. Joto la Februari umelisahau wewe. Bati linalia mchana kutwa, na kuku wanatembea midomo wazi.

Niliomba picha ya ushindi, nimeletewa mahojiano. Sawa, nitajibu, maana sikukulea ili nikuogope.

Si majani. Asubuhi maji yana utando kama rangi uliyoisema, kijani cha lango la shule. Jua likipanda upepo unaupeleka ng'ambo. Harufu ipo, kama nyasi zilizooza, lakini mto gani hauna harufu? Tunausogeza kwa mkono na bomba linavuta chini yake. Kisha tunachemsha, na siku hizi nimewaambia wachemshe mara mbili.

Juu ya pampu kuna uwanja uliozungushiwa mabati. Malori ya kunyonya vyoo vya hoteli huingia humo yakiwa mazito na kutoka yakiwa mepesi. Hilo najua, na zamu yake itafika. Lakini sitapigana na maadui wawili kwa mkono mmoja, na kwanza ni Fulgensio. Wiki tatu zilizopita alisimamisha lori mbele ya mabomba yetu, akashuka na tumbo lake.

"Mama Achol," akasema, "nasikia unawapikia watu kudra."

"Kudra gani?"

"Hiyo mboga ya kijani, kama mlenda. Inateleza vizuri. Lakini mbona hujatia nyama?"

Wanaume wa boda wakacheka. Unajua mimi si mtu wa kuchekwa barabarani. Nikachukua kopo kubwa, nikateka kwenye ndoo ya maji yaliyochemshwa, nikanywa lote mbele yake bila kupumua, nikageuza kopo chini. Namukasa, yule Mganda anayeuza chapati njia ya Nimule, akapiga kelele: "Umeona? Mama iko hai! Wewe Fulgensio ndiyo utakufa na wivu!" Tangu siku ile nakunywa kopo moja hadharani kila Jumapili baada ya misa. Watoto wanahesabu mafunda.

Mbuzi wa jirani yangu Chan walikufa wiki iliyopita, wote waliokunywa ukingoni. Usianze. Usiku ule lori la Fulgensio lilionekana likipita pale. Anayewatilia mbuzi sumu ili kuharibu jina la maji ya wanawake, huyo mimi namfahamu. Nimesoma historia za kutosha. Kila mara maskini wanapochimba kisima chao, tajiri hukuta sumu ndani yake.

Na wewe umeandika mwenyewe: picha inaona rangi tu. Basi niletee.

Shangazi yako,
Achol


Malindi
16 Februari 2025

Shangazi,

Naruka salamu leo, utanisamehe. Acheni hayo maji. Acheni siku hiyohiyo utakayoisoma barua hii, si kesho yake.

Mwani unaokaa juu kama rangi, unaonuka nyasi zilizooza na kuua mbuzi, si chakula cha samaki tu. Baadhi ya aina zake hutengeneza sumu inayokula ini. Kuchemsha kunaua kipindupindu, kwa sababu kipindupindu ni kiumbe na kina uhai wa kutolewa. Sumu haina uhai. Mwani ukichemka unapasuka na kuimwaga yote sufuriani, maji yanapungua kwa mvuke, sumu inabaki. Ukichemsha mara mbili inazidi kukolea. Shangazi, fundisho lililowaokoa mwaka jana ndilo linalowanywesha mwaka huu.

Ni kweli nimeandika picha inaona rangi tu. Kutoka huku siwezi kuapa kwamba mwani wako una sumu. Lakini mbuzi wa Chan ndio chupa yangu ya kwanza. Sihitaji ya pili.

Kijani sasa kimeziba khor kutoka ule uwanja wa mabati hadi kwenye pampu. Ni malori yale ya vyoo. Yanaulisha mwani.

Barua hii itachelewa, kwa hiyo nimempigia Santino leo na kumtumia picha kwenye simu yake, akuonyeshe akitoka kazini. Kopo la Jumapili uliache, nakuomba kwa jina la baba yangu.

Mwanao,
Makuach


Malindi
20 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako. Mwezi umeisha bila neno. Madereva wa basi nimewauliza, wanasema mfuko wa barua ulifika Juba salama.

Santino nilimpata mara moja. Alinong'ona, kama mtu aliyejificha stoo: "Bro, mama amesema jina lako lisitajwe nyumbani." Nikamuuliza kama mnakunywa maji yale bado. Akasema ana wageni, akakata.

Ni kuhusu nini? Nimekukosea wapi? Nitukane, ila uandike. Mawingu yameanza kupita juu ya Juba. Kila setilaiti inaporudi naona kipande tu cha khor kati ya wingu na wingu, na kila kipande ni kijani kuliko cha nyuma.

Mwanao,
Makuach


Gumbo, Juba
6 Aprili 2025

Kwa Makuach,

Umeomba matusi. Kaa chini.

Santino hakunionyesha mimi kwanza. Aliwaonyesha wenzake jikoni hotelini, kwa kujigamba kwamba binamu yake anaiona Gumbo kutoka mbinguni. Mwenzake mmoja akaiomba, akairusha kwa mwingine, na kabla ya Jumapili picha yako ilikuwa ubavuni mwa malori ya Fulgensio, kubwa kama mlango. Juu ameandika: PICHA KUTOKA ANGANI. MAJI YA KANISA NI SUMU. Chini ameweka namba yake ya simu.

Yaani mimi niliomba picha ya kumwaibisha Fulgensio, nawe ukampa Fulgensio ya kuniaibisha mimi. Wengine hulipwa kwa kazi hiyo. Wewe umeifanya bure, au si bure? Niambie wewe.

Alikuja nayo hadi kwenye mabomba. Akapiga honi. Akasema kwa kipaza sauti: "Akina mama, njooni muone! Mwenye kupiga picha hii ni mtoto wa nyumba ya Achol mwenyewe! Mnabisha na damu yake?"

Wanawake wakanigeukia. Nilifundisha darasani miaka mingi, nayajua macho ya watu wanaoamua. Nikapanda juu ya ndoo. Nikasema: "Mlichimba mtaro huu na nani? Na setilaiti? Picha hii imebandikwa na nani, na anauza nini? Yeyote atakayewaambia muache maji haya, muulizeni amenunuliwa na nani. Hata akiwa wa damu yangu."

Namukasa akacheka kwa nguvu. "Mama, hiyo ni rangi tu. Mimi pia naweza paka rangi! Lete brashi!" Kicheko kikawarudisha. Wakateka siku ile kuliko siku zote, wengine ndoo mbili, kwa hasira. Waliokuwa wameanza kurudi kwa Fulgensio waliona aibu, wakarudi kwetu. Sasa ukitaka kujua nani ni msaliti hapa Gumbo, unamuuliza anateka wapi.

Hayo ndiyo matunda ya picha yako.

Nakuandikia nikiwa kitandani. Ni malaria, usifurahi. Chakula kimenikataa, kinanuka kabla hakijaiva, na Atong ananiambia macho yangu yana rangi ya manjano, kama chai. Mama wawili wa kwaya nao wanaumwa hivyohivyo. Ni msimu. Jumapili hii kopo langu alilinywa Namukasa kwa niaba yangu.

Achol


Malindi
17 Aprili 2025

Shangazi wangu,

Sijui kama utaifungua hii. Kama ni Atong anakusomea, asome polepole.

Sikumuuzia mtu. Niliituma picha kwa simu kwa sababu basi ni la polepole na mimi niliogopa. Nilikuwa sahihi kuogopa, na nilikosea njia. Nimeshindwa kuifikisha kweli kwako, imefika kwa mtu anayeitumia kuuzia maji ya matope. Lakini kweli haigeuki uongo kwa sababu mwongo ameibeba.

Macho yako si malaria. Hilo ni ini. Nenda kliniki. Usichukue dawa za kubahatisha dukani, zinalielemea ini zaidi. Na mama wa kwaya waende nawe.

Sasa nisikilize kama mtu wa vita, maana sikuombi ujisalimishe kwa Fulgensio. Pampu ibaki. Tangi libaki. Mabomba yabaki na jina la kanisa. Hamisheni mdomo tu. Mpira unaovuta maji utoke ndani ya khor, upite kisiwa cha mchanga, uingie mto mkubwa, kwenye maji kahawia yanayokimbia. Yale matope uliyoyakimbia ndiyo yanayozima jua na kuunyima mwani nafasi. Matope yanaonekana, na kinachoonekana kinatolewa: tieni shabu, lile jiwe la kusafishia maji, yatulie tangini, kisha dawa ya maji, kisha chemsheni kama mlivyozoea. Fulgensio atakosa la kuandika kwenye malori yake.

Mvua zimeanza. Tangu jana Juba yote ni wingu moja jeupe kwangu. Nitakuwa kipofu kwa miezi. Hati zangu za kusafiria bado ziko ofisini Nairobi. Nikitoka bila hizo sitarudishwa kazini, labda hata nchini. Nimeanza kujiuliza kama hiyo ni sababu au ni kisingizio.

Andika, hata neno moja.

Mwanao,
Makuach


Lemon Gaba, Juba
8 Juni 2025

Mwanangu Makuach,

Nakusalimu kwa mkono unaotetemeka, kwa hiyo usishangae mwandiko. Niko kwa Santino, Lemon Gaba, wiki ya tatu. Nimejaribu kuanza barua hii mara nyingi, na kila mara nilianza kwa kukutukana ili nipate nguvu. Leo nitajaribu bila matusi.

Nilikwenda kliniki. Kwenye benchi la kungojea nilikaa na wanawake wanne, wote wa Gumbo, na nilipogeuka kuwasalimia nikaona macho yangu mwenyewe yakiniangalia mara nne. Daktari akauliza kila mmoja anakunywa maji gani. Kila mmoja akajibu kwa fahari, kwa maneno yangu, hata akivuta pumzi pale ninapovuta mimi: maji ya kanisa, yanaonekana hadi chini, tunachemsha mara mbili. Mimi niliulizwa wa mwisho.

Basi nikaenda kuwaambia. Santino alinishika mkono hadi kwenye mabomba. Nikasema acheni, nimekosea mahali, tuhamishe mpira kama Makuach alivyoandika. Nilidhani watalia. Namukasa akashika kiuno.

"Mama, nani amekununua?"

"Hakuna. Niangalie macho."

"Wewe iko mgonjwa, hatukatai. Malaria inaongea. Lakini wewe ulisema, mwenye kukataza maji amenunuliwa. Sasa iko wewe. Ni Fulgensio, ama ni ile kijana ya picha?"

Nikamwambia mto ule mkubwa ndio salama. Wakacheka, Makuach. Wale niliowafundisha kucheka. Mmoja akasema, "Tuache maji meupe tunywe matope?" Mwingine, mama wa mtoto mgonjwa, akasema bila kunitazama: "Kwa Fulgensio hatuwezi. Kwa mto mkubwa kuna mamba. Tuache tuteke." Kisha wakasimama mbele ya pampu, bega kwa bega, kuilinda. Kutoka kwangu. Sijawahi kuona wanawake waliosimama vizuri vile. Niliwapanga mimi.

Hayo ndiyo ninayoyajua sasa kuhusu maneno. Nimeyatumia miaka yote kama mawe, nikifikiri jiwe likirushwa limetoka mkononi na limekwisha. Watu huyaokota.

Zamu ya malori ya vyoo pia imefika. Niliandika makala, nikautaja uwanja wa mabati na vyoo vya hoteli vinavyomwagwa humo. Imechapishwa. Malori hayajaacha hata siku moja, ila hoteli ikaangalia ni mama wa nani, na Santino hana kazi. Anakwenda Kampala na Atong kutafuta. Laini yake itabadilika, atakutumia mpya akipata. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu.

Wanataka niende nao. Nimekataa. Kesho kutwa wakipanda basi, mimi narudi Gumbo. Kuna fundi anaitwa Lagu, ana mpira mrefu na amekubali kunisaidia kuupeleka hadi mto mkubwa. Tukizuiwa, nitaingia khor mwenyewe na kuukata ule wa zamani. Asipokuja Lagu, kisu ninacho.

Daktari amesema nisitembee. Daktari hana Namukasa.

Picha yako naiomba tena. Kubwa, kama ile ya lori. Nitaibandika mwenyewe, kwa gundi yangu, na kusimama chini yake hadi wazoee kuniona nayo. Nyumba yangu unaijua, ile ya mlango wa buluu, njia yake inashuka moja kwa moja mtoni.

Shangazi yako anayekupenda,
Achol


Malindi
30 Novemba 2025

Shangazi mpendwa,

Natumaini ni wewe unayeifungua barua hii. Ni ya nne tangu Juni. Ile picha kubwa niliituma Julai, imekunjwa ndani ya bomba la plastiki. Dereva alisema aliiacha ofisini kwao, na ofisi inasema hakuna aliyekuja kuichukua. Namba ya Santino imekufa, mpya haijafika.

Wiki hii mawingu yamefunguka. Mto ulipokuwa umejaa uliiosha khor, sasa maji yameshuka na kijani kimerudi, mapema kuliko mwaka jana. Kimeshafika kwenye pampu.

Setilaiti yetu haioni vitu vidogo. Nikamwomba mwenzangu mmoja anitafutie picha kali zaidi, ile inayoonyesha paa moja moja. Niliifungua ofisini baada ya wote kutoka. Nilitafuta mpira mpya juu ya kisiwa cha mchanga. Hakuna alama. Mchanga ni laini.

Njia zinaonekana, Shangazi. Mvua imeotesha nyasi kila mahali, na penye miguu ya watu kila siku nyasi hazioti, panabaki mstari mweupe. Kutoka kwenye nyumba za juu, kutoka kanisani, kutoka njia ya Nimule kwenye meza ya chapati, mistari yote myeupe inakutana kwenye mabomba. Ni mingi. Imekanyagwa sana.

Nikatafuta paa lako, nikafuata njia inayoshuka kutoka mlango wa buluu. Nilidhani nimekosea nyumba. Nikarudi, nikahesabu paa tena kutoka kanisani. Sikukosea. Njia yako imeota nyasi, kutoka mlangoni hadi majini.

Nimeacha kungoja hati. Basi linaondoka Nairobi Jumatatu. Nina vichujio mkobani, dawa ya maji, na chupa tupu za kuchotea. Sitapitia zile njia nyingine, nyeupe. Nitashuka kwa yako, nizikanyage hizo nyasi kwa miguu yangu, na nitabisha hodi kwanza.

Mwanao,
Makuach